SUBIRA HUVUTA HERI, LAKINI SUBIRA SI USINGIZI

Na aliyekuwa Katibu wa Chama cha Kiswahili

  

Wanaonikumbuka wanajua kwamba nilikuwa katibu wa chama hiki hadi mwaka jana nilipomaliza Kidato cha Nne. Mwalimu mlezi aliponiomba niandike maoni yangu kwa toleo la mwaka huu, nilimwambia kuwa sina la kuandika kwa sababu nasubiri. Akaniuliza, "Unasubiri nini?" Nikamjibu, "Nasubiri majibu ya usaili, mwalimu." Akacheka kidogo akasema, "Basi andika kuhusu huko kusubiri." Ndipo nikaishika kalamu.

Bila shaka mnakumbuka mjadala wetu wa methali zinazopingana. Upande mmoja ulishikilia kwamba "Subira huvuta heri" na mwingine ukasema "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Mimi nilikuwa katika upande wa subira. Tulishinda, tukapigiwa makofi, nikaketi nimevimba kichwa. Lakini wakati huo sikuwa nimewahi kusubiri kitu chochote kikubwa kuliko kengele ya chakula cha mchana! Sasa nimesubiri kwelikweli, na nakiri mbele yenu kwamba pande zote mbili zilisema kweli, ila hatukuuliza swali lililofaa kuulizwa. Je, huyo anayesubiri anafanya nini anaposubiri? Maoni yangu ni kwamba subira inayovuta heri ni ile yenye kazi mkononi. Subira ya kukaa kitako ukiitazama simu ndiyo hiyo inayoumiza matumbo.

Usaili ninaouzungumzia ni ule wa kuingia katika chuo cha sanaa za maonyesho, yaani uigizaji, muziki na ngoma. Wenzangu wengi hudhani kwamba ni kama mtihani mwingine wowote. La hasha! Katika mtihani wa KCSE unaandika karatasi, karatasi inaenda zake, na anayeisahihisha hakujui wala humjui. Katika usaili wa sanaa unaingia chumbani, unasimama mbele ya watu watatu wenye kalamu, na kinachosahihishwa ni wewe mwenyewe: sauti yako, mwili wako, uso wako, hata unavyovuta pumzi. Ndiyo maana kusubiri majibu yake kunauma kwa namna ya peke yake. Ukianguka hesabu utasema hesabu ni ngumu. Ukikosa usaili unahisi kana kwamba umeambiwa wewe ndiwe hufai.

Chuo chenyewe sitakitaja. Nilipewa nambari nikaibandika kifuani. Nikatoa uzungumzi nafsia mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza, nikaimba wimbo bila ala, kisha wakanitaka niurudie ule wa Kiswahili kana kwamba namwambia mtoto aliyelala. Yote hayo yalichukua kama dakika kumi na mbili. Katikati ya kurudia, mstari mmoja ukanitoka. Niliuruka nikaendelea, lakini nilimwona mama aliyeketi katikati akiandika kitu. Halafu akatabasamu akasema, "Asante, tutakujulisha." Basi. Nikajikuta nje ya lango, matatu zikipiga honi, na mimi sijui niende wapi.

Si jambo dogo kwangu. Nafasi hiyo ina ufadhili wa nusu ya karo. Mama alikopa katika kikundi chao cha akina mama ili nipate nauli na viatu. Baba naye alikubali shingo upande. Alisema, "Haya, jaribu. Ukikosa, utasomea kile nitakachokuambia mimi, na tusisikie tena mambo ya kuigiza." Kwa hiyo majibu hayo yakija, hayaji kwangu peke yangu.

Sasa nisikilizeni jinsi nilivyosubiri wiki tatu za kwanza, mjue niliyotenda ili msiyatende.

Nililala na simu chini ya mto. Nilikuwa nikiamka saa tisa za usiku kutazama kama kuna ujumbe, kana kwamba kuna chuo kinachoandika barua saa tisa za usiku! Niliurudia usaili mzima kichwani, na kila nikiurudia ule mstari uliopotea ulizidi kuwa mrefu. Nilimpigia simu karani wa chuo mara tatu kwa siku mbili, mpaka mara ya tatu akaniambia kwa upole wa kuchoka, "Dada, tukiwa tayari utajua." Tulikuwa na kikundi chetu cha WhatsApp, sisi tuliofanya usaili siku moja. Huko kila jioni kulikuwa na uvumi. Ati majibu yametoka! Ati wamechukua wavulana tu! Ati fulani amesikia kwa binamu yake kwamba orodha iko tayari! Siku moja nilitoka mbio hadi saiba, nimeacha maharagwe motoni, nikalipa pesa ya sukari ili nifungue tovuti ya chuo. Hapakuwa na kitu. Niliporudi nyumbani sufuria ilikuwa nyeusi tititi. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo unayemngoja hayumo ndani ya hiyo simu, mwanangu," akaenda kutafuta mchanga wa kuisugulia.

Lakini hata hayo si mabaya zaidi. Kila Jumamosi huwa nawafundisha watoto wa mtaani kwetu nyimbo na michezo ya kuigiza. Jumamosi ya kwanza baada ya usaili niliwaambia sijisikii vizuri. Ya pili nikasema nina shughuli. Ya tatu walikuja mlangoni, kama kumi hivi, nikawaambia ukweli: nasubiri jibu la chuo, nikilipata tutaendelea. Kasichana kamoja ka darasa la nne kakaniangalia kwa mshangao, kakauliza, "Kwani dada, umekatazwa kuimba mpaka wakujibu?"

Wenzangu, nilipigwa na butwaa. Nilitafuta jibu nisilipate. Hakuna aliyenikataza. Ni mimi niliyejikataza. Majaji walikuwa hawajasema ndiyo wala la, na mimi tayari nilikuwa nimeacha kuimba, nimeacha kusoma, nimeacha kuwafundisha wale watoto. Kama jibu lingekuwa la, basi nilikuwa nimewasaidia kulitekeleza wiki tatu kabla hawajaliandika!

Hapo ndipo maoni yangu yalipozaliwa, nami nayasema bila kuogopa. Majaji wana haki ya kutoa nafasi au kuinyima. Hawana haki juu ya sanaa yako, na wala hawakuiomba. Ni sisi wenyewe tunaowapelekea mikononi tukiwaambia, "Kaeni nayo mpaka mtakapoamua."

Najua kuna watakaonipinga. Kuna wanaosema, "Usaili ukiisha sahau kabisa, fanya kama haukuwahi kuwako." Ushauri huo ni mzuri mdomoni lakini moyo si ubao wa kufutwa na kifutio. Kitu ulichokiombea nauli hakisahauliki. Kuna na wengine wanaosema, "Kazana, piga simu, tafuta mtu wa ndani akusemee." Hao ndio wabaya zaidi, maana wanatufundisha kwamba kipaji hakitoshi bila kujuana na mtu. Mimi nasema usisahau na usisumbue. Fanya kazi.

Kabla ya kutaja kazi zenyewe, hebu tuuelewe mlango tunaoubisha. Vyuo vya sanaa kote duniani vina nafasi chache mno. Chuo cha uigizaji cha RADA kule London, kilichoanzishwa mwaka wa 1904, huchukua wanafunzi 28 tu kwa mwaka katika shahada yake ya uigizaji, na wanaoomba ni maelfu. Juilliard ya New York, iliyoanza mwaka wa 1905, huchukua waigizaji wasiozidi 20 kwa mwaka. Mwalimu wa sauti hawezi kufundisha watu mia moja kwa pamoja kama anayefundisha historia. Lazima amsikie kila mmoja, amrekebishe kila mmoja.

Isitoshe, majaji hawachagui mtu mmoja mmoja kama tunavyochagua maembe sokoni. Wanaunda darasa. Kwaya yenye soprano kumi na besi mmoja itamtafuta besi, hata kama soprano wa kumi na moja anaimba kama chiriku. Mnakumbuka mwalimu alipochagua waigizaji wa mchezo wetu wa tamasha? Aliyekariri vizuri kuliko wote hakupewa nafasi ya mzee wa kijiji kwa sababu sauti yake ilikuwa haijavunjika bado. Je, hakuwa mwigizaji? Alikuwa, tena hodari. Lakini siku hiyo alitakikana mzee. Basi ukikataliwa, huenda hukukataliwa wewe. Huenda palitakikana mzee.

Sasa, tufanye nini? Nitayataja yale ninayoyafanya mimi tangu siku ile ya kasichana ka darasa la nne.

Kwanza, niliandika usaili wangu daftarini mara moja tu: mambo matatu niliyoyafanya vizuri na matatu ya kurekebisha. Ule mstari uliopotea nikauandika, nikagundua kwamba ulikuwa na maneno saba. Maneno saba! Nilikuwa nimekonda wiki tatu kwa sababu ya maneno saba. Nikalifunga daftari, na usaili ukirudi kichwani usiku nauambia, "Wewe umo daftarini, lala." Anayengoja majibu na afanye hivyo siku ile ile ya usaili, kabla kumbukumbu haijaanza kutia chumvi.

Pili, nafanya mazoezi, lakini si ya kile kile nilichokiwasilisha. Ukiendelea kuimba wimbo wa usaili utakuwa unaimbia wale majaji watatu hadi kiyama. Chukua kitu kipya. Mimi huamka saa kumi na mbili, nanyoosha mwili, nafanya zoezi la kuvuta na kutoa pumzi, napasha sauti taratibu kuanzia chini kwenda juu, halafu nasoma tamthilia kwa sauti. Nusu saa yatosha. Sauti ni kama mguu wa mkimbiaji, ukiuacha miezi miwili hukuachia maumivu. Lakini pia usiilazimishe: ikikwaruza, kunywa maji na unyamaze.

Kuhusu tamthilia, hapa nina neno na wanachama. Shuleni tunasoma tamthilia ili tujibu maswali ya karatasi ya tatu: dondoo, sifa za mhusika, mbinu za lugha. Nilipoisoma upya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege bila kuwaza mtihani, nikayasema maneno ya Sara nikiwa nimeketi kitandani kama mgonjwa, ndipo nilipoelewa mambo ambayo nilikuwa nimeyajibu kwa miaka miwili bila kuyasikia. Kisha nenda nje ya orodha ya mtihani. Zisome Kinjeketile ya mwaka wa 1969 na Mashetani ya mwaka wa 1971, zote za Ebrahim Hussein. Isome Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui ya mwaka wa 1981. Soma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Anayengoja kufunguliwa mlango wa maigizo ya Kiswahili bila kuzijua hizi anangoja kuingia nyumba asiyoijua.

Tatu, wafundishe wengine na ukawatazame wengine. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na lile la drama la shule na vyuo mwaka wa 1959. Kila mwaka shule hutafuta watu wa kuwasaidia walimu kuandaa michezo, ngoma na mashairi ya kukariri. Mtu aliyetoka Kidato cha Nne juzi ana mengi ya kutoa. Nami nawaambieni, hakuna zoezi la uigizaji linalozidi kumfafanulia mtoto wa miaka tisa kwa nini asiwape watazamaji mgongo. Ukipata nauli ya kwenda Nairobi, nenda katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, uliofunguliwa mwaka wa 1952. Ukikosa nauli, harusi, matanga na mikutano ya hadhara haina kiingilio, na ni maonyesho matupu. Mtazame msemaji anavyousubiri umati utulie. Mwangalie mganda wa ngoma anavyopumzisha mkono bila kupoteza mdundo.

Nne, usiache mbachao kwa msala upitao. Wako wenzetu ambao kwa kungoja chuo kimoja waliacha kila kingine kipite. Tarehe za KUCCPS zikipita, zimepita. Tarehe za basari zikipita, hazikurudii kwa kuwa ulikuwa na mawazo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina masomo ya muziki na ya filamu na maigizo. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka wa 1944, ambako watu hujifunza ala na uimbaji. Ng'ambo ya mpaka kule Bagamoyo, Tanzania, kuna chuo cha sanaa kilichoanza mwaka wa 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko ngoma, muziki na maigizo ni masomo kamili wala si mchezo wa baada ya masomo. Andika majina, karo, masharti na siku za mwisho katika karatasi moja. Uibandike ukutani mahali ulipokuwa ukiitazama simu.

Tano, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Fanya kazi, hata ndogo. Mimi namsaidia mama kibandani asubuhi, na mchana nafundisha watoto wawili wa jirani kusoma. Pesa yenyewe si nyingi, lakini nimeanza kulipa ile nauli. Tena kibandani napata wahusika bure! Kuna mzee mmoja hubishana kuhusu bei ya nyanya kana kwamba yuko bungeni. Nimemweka daftarini, na siku moja atapanda jukwaani.

Sita, jiandae kwa majibu yote matatu. Nasema matatu kwa sababu watu hudhani ni mawili. Kuna ndiyo, kuna la, na kuna orodha ya akiba, ambayo ni kungoja tena juu ya kungoja. Ukiwa hujatulia, andika leo utakachofanya kwa kila moja. Ikija ndiyo, nusu ya karo iliyobaki itatoka wapi? Malazi je? Uliza kabla ya kupiga vigelegele. Ikija akiba, utakubali kungoja hadi tarehe ipi kabla ya kushika nafasi nyingine? Ikija la, nani utakayemwambia kwanza, na kesho yake asubuhi utasoma tamthilia gani? Mimi yangu nimeiandika. Kesho yake nitasoma Kinjeketile.

Hiyo la ni neno chungu, nami sitawadanganya kwamba ni tamu. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka wa 1832 kijana Mwitalia, Giuseppe Verdi, aliomba kuingia katika chuo cha muziki cha Milan akakataliwa. Alikuwa na umri wa miaka 18, wakasema amepita umri, na upigaji wake wa piano haukuwaridhisha. Hakurudi kwao kulia. Alibaki Milan akasoma kwa mwalimu wa binafsi. Miaka kumi baadaye opera yake ya Nabucco ikamfanya maarufu, na aliendelea kutunga hadi alipokaribia miaka 80. Leo chuo kile kile kilichomkataa kinaitwa kwa jina lake! Ama kweli, dunia ni duara.

Lakini si kila hadithi huishia kwa vigelegele, na hapa naomba tuwe wakweli. Mwaka wa 1951 msichana Mweusi wa Marekani, Eunice Waymon, alifanya usaili wa piano katika chuo cha Curtis mjini Philadelphia, akakataliwa. Aliamini maisha yake yote kwamba sababu ilikuwa rangi yake. Mwaka wa 1954 akaanza kupiga piano katika baa huko Atlantic City ili alipie masomo yake, akajiita Nina Simone, na kwa jina hilo dunia ikamjua. Mwaka wa 2003 Curtis walimtunuku shahada ya heshima. Siku mbili baadaye akafariki. Simtaji ili kuwafariji kirahisi. Uchungu ule haukumtoka. Namtaja kwa sababu aliubeba uchungu wake na mikono yake haikuacha piano. Majaji hukosea, na wengine hudhulumu. Sanaa yako isiwe shahidi wao.

Hata wale tunaowaona wamefika walipitia njia ndefu. Lupita Nyong'o, aliyelelewa hapa Nairobi, alicheza nafasi ya Juliet akiwa na miaka 14. Lakini filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa nchini, yeye hakuwa mbele ya kamera bali nyuma yake, miongoni mwa wafanyakazi. Mwaka wa 2009 alikuwa katika mchezo wa Shuga, na mwaka huo huo akatoa filamu aliyoiongoza mwenyewe, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ulemavu wa ngozi. Hayo yote ni kabla ya kuhitimu Yale mwaka wa 2012, na kabla ya tuzo ya Oscar ya mwaka wa 2014. Kila alipokuwa, alishika kazi iliyokuwapo.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina neno kwa wazazi na walimu wetu, kwa heshima zote. Tafadhali msituulize kila asubuhi, "Bado hawajajibu?" Tungekuwa tumejibiwa mngesikia nyumba ikitetemeka. Na msituambie kwamba mtu anayefanya mazoezi ya sauti uani anapoteza wakati. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wameingia shule za upili za juu katika mikondo mitatu, na mmoja wao ni wa sanaa na michezo. Maana yake ni kwamba wadogo zetu wengi zaidi watasimama mbele ya wale watu watatu wenye kalamu. Tuwafundishe kuigiza, ndiyo, lakini pia tuwafundishe kusubiri. Somo hilo mimi sikufundishwa, nimelilipia kwa sufuria ya mama.

Mtauliza, je, majibu yangu? Ninapoandika haya ni wiki ya saba, na bado. Sitajifanya shujaa: jana usiku niliitazama simu mara mbili. Lakini hailali tena chini ya mto, inalala jikoni. Jumamosi ijayo wale watoto wataonyesha mchezo wao wa kwanza mbele ya wazazi, chini ya mwembe. Kasichana ka darasa la nne ndiko kenye nafasi kubwa, na bado kanawapa watazamaji mgongo. Baba ameahidi kuja. Amesema anakuja "kuangalia tu kelele ni za nini". Kwangu mimi huo nao ni usaili, na jaji wake ni mkali kuliko wale watatu.

Barua ikija, itanikuta nikifanya kazi. Nawatakia kila la heri wanachama wote, hasa wewe ambaye mwaka ujao utabandikwa nambari kifuani.

Ni mimi mwenzenu,
Aliyekuwa Katibu, Chama cha Kiswahili.